Msingi Haufukuzwi

Ndani ya teksi ya abiria wengi iendayo mtaa wa Clairwood, Joyline, mwanafunzi Mkenya, alitazama nje kama mtu asiyesikiliza. Nyuma yake mzee Mkongo alimkazania mama aliyepakata ngoma.

"Yesu alisema, juu ya mwamba huu. Mwamba ni Petro, mama! Nyinyi munasali ndani ya depo ya malori."

"Papa, mzee wangu, mwamba ni Kristo mwenyewe. Msingi ingine haiko, Paulo aliandika."

"Na umesema wenye majengo wamewafukuza mara mbili. Msingi gani huo?"

"Wanatufukuza, tunabeba ngoma, tunaenda. Msingi, nani aliufukuza?"

Joyline, Mkatoliki tangu utotoni, nusura aseme amina.

Teksi iliposimama, mzee alitangulia kushuka, akaipokea ngoma kwa mikono miwili, bado anamtetea Petro.