Ng'ombe Wanne wa Mughwai

Benchi la kijiwe cha Mwankoko lina miguu mitatu na jiwe. Asubuhi ile lilibeba wazee watatu na uvumi mmoja: ati serikali inaandikisha waliouza ng'ombe kwa bei ya kutupa wakati wa korona, huenda wakafutwa machozi. Mzee Alute alikaa upande wa jiwe, kahawa akiizungusha tu kikombeni. Angeinywaje, jamani? Marehemu Mughwai, mume wa huyu huyu Agripina anayewauzia kahawa, alimkabidhi ng'ombe wanne awafugie. Ndiyo desturi yao: mtu haweki mali yote zizi moja, wala hamtangazii mtu, hata mke.

— Fedha hiyo inatoka Uchina, alianza Clement, anayeitwa Waziri kwa sababu ya koti lake. Wanalipa kwa pembe. Pembe mbili, malipo mawili.

— Na asiye na pembe? aliuliza Stanley, Redio Mbao mwenyewe, msambaza uvumi wa kijiwe.

— Huyo ajitegemee. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Sasa hapo jembe limeingiaje?

— Limeingia, wewe ndiye umebaki nje.

— Mimi nimesikia kuna mtambo angani unahesabu kwato. Ndiyo maana mbuzi wangu siku hizi wanaangalia juu!

Agripina alicheka huku akimimina. Alute aliviona vidole vyake vilivyoungua na birika, moyo ukamuuma. Mwaka ule Mughwai alipofariki, wanunuzi waliacha kuja mnadani na malisho yakakauka. Alute aliuza wawili kwa bei ya mbuzi, akaapa hatamwambia mjane mpaka awarudishe. Miaka ikapita, aibu ikaota mizizi.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Lucy, bibi mifugo mgeni wa kata, daftari kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu. Fedha imefika?

— Mimi naandika tu, malipo sijayaahidi. Mzee Alute, mwaka ule uliuza ng'ombe wawili, kibali cha mnadani ninacho. Walikuwa wa nani?

Lo! Swali gani hilo? Ng'ombe wa zizini kwa mtu haulizwi ni wa nani. Alute angesema "wangu", na hakuna aliye hai ambaye angembishia.

— Wa Agripina, alisema.

Birika likabaki hewani.

— Wangu mimi, baba?

— Mughwai alinikabidhi wanne. Wawili nikauza, wote wasife njaa. Nikaona aibu, mwanangu. Nikasema nirudishe kwanza, ndipo nikwambie. Nisamehe. Waliobaki wamezaa, sasa wako sita.

Agripina, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi lile, akakaa.

— Miaka yote hii nadhani hakuniachia kitu. Nilimlaumu mpaka kaburini.

— Alikuachia. Yule mwekundu alimpa jina lako. Nilipeleka wengine mnadani, yeye nikashindwa.

Agripina alilia, akacheka, akajifuta kwa kitenge.

— Ana maziwa?

— Ana ndama wa wiki mbili.

— Nipeleke nikamwone.

— Na kahawa? aliuliza Waziri.

— Jimiminieni.

Akaliacha birika benchini, akamfuata Alute zizini.