Gunnvor Anataka Kupungiwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la gatini, hapa kisiwani Sandvær, upande unaopigwa na jua la Machi, siku likiamua kutoka. Tunakaa wazee wanne na chupa moja ya kahawa. Kila siku meli ya pwani inapita na sisi tunaikosoa, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala ndani yake. Oddvar tunamwita Kapteni kwa sababu ya kofia ya nahodha aliyoshinda kwenye bahati nasibu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji. Sigbjørn ni Utabiri, maana anatabiri hali ya hewa na hajapatia bado. Torleif ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo hatumtanii. Mimi ni Eilif, na jana nilikuja na tatizo.

— Gunnvor kaniachia nichague meli na chumba, nikawaambia. Mwisho leo. Tunapandia Bergen kule kusini, tunakwenda mpaka Kirkenes kaskazini na kurudi.

— Mkeo hajawahi kukuachia uchague hata pazia, Kapteni akasema. Leo kakuachia meli?

— Ndiyo maana nimekuja kwenu.

— Basi umekwisha, bwana.

Nikawaeleza kwamba mama, yaani mke wangu, anataka jambo moja tu. Meli ikipita hapa Sandvær, aione nyumba yetu kutoka baharini, na apungiwe. Kwetu mtu wa kijijini akiwa melini, lazima litolewe shuka kule ufukweni, lipungwe mpaka meli ipige honi. Oddvar alipungiwa alipokwenda kupasuliwa goti. Binti wa Sigbjørn alipungiwa alipokwenda kuolewa, akalia mpaka Bodø. Gunnvor hajawahi, na safari hii alinishika mkono aliponiambia. Nilijua nikikosea hapa, sitasamehewa.

— Hilo dogo, Kapteni akasema. Chukua kulia. Ukienda kaskazini bara iko kulia, na milima yote iko kulia.

— Milima gani wewe? Utabiri akamrukia. Wiki ijayo ukungu mtupu! Atalipia ukungu! Achukue kushoto, aone bahari.

— Bahari si anaiona hapa bure?

— Ngojeni kwanza, nikasema. Sandvær yenyewe iko upande gani?

Tukageuka wote kuutazama mlangobahari tulioutazama maisha yetu yote. Kapteni akanyoosha mkono huu, akaushusha, akanyoosha ule mwingine.

— Kushoto, Torleif akasema, akamimina kahawa.

— Kushoto mkienda! Kapteni akadakia. Mkirudi ni kulia. Chukua vyumba viwili.

— Na Gunnvor alale wapi?

— Kimoja chako, kimoja chake. Mtatembeleana.

— Acha kumpoteza mwenzio, Utabiri akasema. La kwanza ni meli. Usipande ile mpya. Shemeji yangu alilipia dirisha kubwa, kumbe nje wamening'iniza boti ya kuokolea. Kaitazama boti kwenda na kurudi. Ukimuuliza Norwe ikoje, anakwambia ni ya rangi ya chungwa.

— Ile ya zamani nayo inalia usiku kucha kama mlango wa ghala, Kapteni akasema.

— Bora ilie, utajua bado inaelea! Halafu sikiliza, Eilif. Abiria wote wakikimbilia kulia kutazama milima, meli inalalia huko. Wewe uliye kushoto unanyanyuka juu. Unaona mbali kuliko wote.

— Duh! Umechemka, mzee.

— Hiyo ni fizikia!

— Fizikia ya gari la posta, Kapteni akamjibu, maana Utabiri alikuwa tarishi. Eilif, fuata upande wa jiko. Nyangumi wananusa soseji. Wanakuja wenyewe dirishani.

Torleif akakohoa. Yeye akikohoa, tunanyamaza.

— Chumba cha upande wa kulia, akasema. Kioo kikubwa mlangoni. Unaona pande zote umelala.

Mtanicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kukipima kichwani kioo cha bafuni kwetu.

Hapo akatoka dukani Ingunn, mchungaji mpya wa kanisa letu, aliyehamia wiki iliyopita tu. Torleif akamkaribisha, akamkamulia kahawa ya mwisho. Tukamsimulia yote, kila mtu akitetea upande wake, na mama anavyotaka kupungiwa. Akasikiliza, akapuliza kikombe chake.

— Kwani nyie wawili mkiwa melini, nani atapunga?

— Gunnvor, Utabiri akajibu, haraka.

— Gunnvor si yuko melini?

— Ah.

Kapteni akavua kofia. Alipopasuliwa goti nani alisimama ufukweni na shuka? Gunnvor. Binti wa Sigbjørn je? Gunnvor. Sisi tulikuwa hapa benchini, tukisema meli imechelewa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

— Tutapunga sisi, Torleif akasema. Shuka mnaweka wapi?

Nimeishi kwenye ile nyumba na lile shuka ujana wangu wote na uzee wangu wote, na sikujua. Torleif akatikisa chupa. Tupu. Nikaenda nyumbani.

Gunnvor alikuwa anamenya viazi.

— Mama, lile shuka la kupungia unaliweka wapi?

Kisu kikasimama.

— La nini?

— Kina Oddvar wanauliza.

Akanitazama, akaangalia dirishani, akanitazama tena.

— Si shuka, akasema. Ni kitambaa chekundu cha meza. Shuka jeupe nani ataliona kwenye theluji? Kiko kabatini, chini ya taulo. Na wasipungie pale benchini, waende kule kwenye ghala la boti. Mtu akikaa pale benchini haonekani kutoka popote.

— Nitawaambia.

— Na wasiache mpaka honi ilie, Eilif. Mkono utauma, lakini wasiache.

Akarudi kwenye viazi vyake. Nikawapigia simu wenye meli, nikachukua chumba cha kushoto.