Mwalimu Cornelius Mathenge, Duke wa Fereej Bin Mahmoud

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani na ndugu mliofika hapa Abu Hamour, Doha, kumsindikiza kabla hajasafirishwa nyumbani Karatina, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi, yanasomwa na mpwa wake Bradley kwa niaba ya familia.

Marehemu Mwalimu Cornelius Gerishon Mathenge alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 karibu na Karatina, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Mzee Gerishon na Mama Charity, akabatizwa katika kanisa la Presbiteri, akaanza shule mwaka 1969 bila viatu na bila kuchelewa hata siku moja, kama alivyopenda kutukumbusha sisi tuliochelewa.

Alipokuwa kidato cha tano, mwaka 1980, aliokota katika maktaba ya shule kitabu kisicho na jalada, kilichohusu Georg, duke, yaani mtawala wa jimbo, wa Braunschweig-Lüneburg kule Ujerumani, na tangu siku hiyo Duke akawa mtu wa nyumbani kwetu. Tuliolelewa naye tunajua kwa moyo kwamba ndugu saba walikubaliana mmoja tu aoe, ili nchi yao isigawanywe vipandevipande, wakapiga kura, ikamwangukia Georg, naye Mprotestanti huyo akamtumikia mfalme wa Denmark, akahamia kwa kaisari Mkatoliki, akaenda kwa Waswidi, akapatana na kaisari, kisha akarudi kwa Waswidi, huku vita vikiila Ujerumani miaka thelathini.

Alihitimu ualimu mwaka 1985, akafundisha historia Nyahururu kwa miaka ishirini, na tarehe 16 Desemba 1989 akamwoa Jerusha Wairimu, ambaye anasema alichumbiwa kwa habari za Duke na akakubali ili ziishe, lakini hazikuisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Melissa na Owen.

Tarehe 2 Septemba 2006 alifika Doha kufundisha katika shule moja ya Al Wakrah, akapanga mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na jioni akawa anaandika historia ya Duke kwa Kiswahili. Hamza, dereva wa basi la shule, mtu wa Tanga, alikuwa akimpokea kila asubuhi kwa swali lile lile, "Haya Mwalimu, huyo mtu wako leo yuko upande gani?" na safari nzima ikawa ya kicheko. Tunazikumbuka asubuhi hizo, na tunazitamani.

Mwaka 2008 alisimikwa mzee wa kanisa katika ushirika wetu, pamoja na rafiki yake wa chanda na pete, Mzee Rodney Wanjohi. Mwaka 2014 wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku waliomba ibada ya Ijumaa, siku ya mapumziko huku, iwepo pia alasiri, kwa kuwa asubuhi walikuwa wakisinzia, baraza la wazee, likiongozwa na Mzee Rodney, likakataa, watu arobaini wakaondoka wakapata ukumbi mwingine, na wiki iliyofuata Mwalimu akawafuata, kwa sababu hawakuwa na mzee hata mmoja wa kuwatembelea wagonjwa wao. Jina lake likafutwa katika orodha ya wazee, akaitwa msaliti, akaitwa Duke, na hilo la pili akalipokea kwa tabasamu, lakini la kwanza lilimuuma, na Jerusha ndiye anayejua lilivyomuuma. Mwaka 2019 ibada ya alasiri ilipokubaliwa alirudi na watu wake wote, akaketi benchi la nyuma, na jina lake halikurudishwa, wala yeye na Mzee Rodney hawakuwahi kuzungumza tena.

Aliugua figo kuanzia Mei 2024, akalazwa mara tatu, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kitabu chake kimebaki bila sura ya mwisho, ile ya kuamua kama Duke alikuwa kigeugeu au mlinzi wa watu wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao watatu kati yao ni wa wale arobaini, majirani wa Fereej Bin Mahmoud, walimu wenzake, na Hamza, ambaye ameliendesha gari la jeneza leo na hakutaka mtu mwingine ashike usukani.

Jana Mzee Rodney alikuja nyumbani, akaomba kalamu, na ameomba maneno yake yasomwe mbele yenu kama alivyoyaandika: "Cornelius hakutuacha. Mimi niliwafukuza watu arobaini, yeye akanitunzia wote, akanirudishia wote, na mimi sikumpa hata mkono. Jina lake nimelirudisha leo. Naomba nimbebe."

Mzee Rodney, familia imekubali, shika upande wa mbele.

Lala salama, Mzee wa Kanisa Cornelius Mathenge, upumzike kwa Bwana wako.