Mwalimu Loyce Aliyewauliza Wanafunzi Wake

Kabla sijasoma hata mstari mmoja, nyie mliokaa kule nyuma mnaonong'onezana kwamba huyu alikuwa mwalimu gani aliyefundishwa kazi na wanafunzi wake, fungeni midomo, kwa sababu ninayoyasema si ya kuhadithiwa, mengine nimeyaona kwa macho yangu na ya mengine wenyewe wamo humu kanisani, asiyeniamini akawaulize baada ya mazishi. Mimi ni Catherine Lukasi, dada yake mkubwa, shule niliishia darasa la saba, na ukoo umenikabidhi mimi karatasi hii kwa kuwa wengine wangelia katikati na jua likatuchwea.

Marehemu Loyce Lukasi alizaliwa hapa Dindira tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne wa mzee Lukasi na mama yetu Rhoda, akasoma shule ya msingi hapa hapa tangu 1976 hadi 1982, akamaliza kidato cha nne Korogwe mwaka 1986, kisha akahitimu ualimu mwaka 1990. Alikuwa mbishi tangu utoto, kupika hakujua mpaka amezeeka, na chai yake mliinywa kwa heshima tu.

Kazi alianzia Hale, Januari 1991, akakutana huko na Dunstan Mhina, fundi wa umeme, wakafunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993, wakapata watoto watatu, Elisha, Rhoda na Lukasi, akahamishiwa Mombo mwaka 2002, na mwaka 2011 akapelekwa Handeni, kwenye chuo cha wananchi, kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mwaka 2014 darasa lake lilianza limejaa, likafika Julai wamebaki wa kuhesabika kwa vidole, na mkuu wa chuo wa wakati ule akamwambia wazi kwamba Septemba ikiisha hali ni hiyo hiyo, darasa linafungwa na chumba wanapewa wanafunzi wa useremala. Loyce hakulala vizuri, maana alijua wale watu wakirudi nyumbani safari ile hawatashika kalamu tena mpaka wanakufa, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza kwa nini wameacha, na kila alikokwenda aliwekewa kiti, akaambiwa shikamoo mwalimu, akajibiwa kwamba ni mvua, ni mihogo, ni mgonjwa, kwa sababu huku kwetu nani atamtazama mwalimu usoni amwambie umekosea?

Akaacha kuuliza, akakaa chini na kina mama kupukuchua mahindi, na mikono ilipokuwa kazini midomo nayo ikafunguka, mama mmoja anaitwa Maryamu akasema, "Mwalimu, wewe uliniita ubaoni nisome mbele ya mkwe wangu, ningekosea ningeuficha wapi uso?" Mkwe mwenyewe, Mustafa, mume wa binti yake, alikuwa ameacha wiki ile ile ili ampishe mama, na mama ameacha ili ampishe mkwe, wote wawili wako nyumbani wanaheshimiana, benchi tupu, na si hao peke yao, nusu ya darasa walikuwa wakwe. Mila ile Loyce aliijua, hata yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kula sahani moja, ila alidhani mtu akifika chuoni anaivua mlangoni kama viatu.

Tangu hapo kila Ijumaa alikuwa anatoka nje ya darasa, wanafunzi wanabaki kuzungumza wenyewe, wanamchagua msemaji wa kumweleza kilichowashinda wiki ile bila kumtaja aliyekisema, naye anabadilisha. Wakwe wakapangiwa vipindi mbalimbali, kuitwa ubaoni kukafa, hesabu zikawa za debe na gunia, na kusoma wakaanzia ujumbe wa simu ambao watoto wao huwatumia kutoka mjini. Mkuu akamcheka mbele ya walimu wenzake, "Tangu lini mgonjwa akamwandikia daktari dawa?" Loyce akamjibu, "Dawa haandiki, mzee, lakini panapouma anapajua yeye." Septemba ilipoisha maseremala walikosa chumba. Maryamu leo anasoma kadi za kliniki za wajukuu zake na kuwagombeza wazazi waliopitisha tarehe za chanjo, na Mustafa, aliye mwenyekiti wa kitongoji, akiitisha mkutano muhtasari anauandika mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akatibiwa Handeni, baadaye Korogwe, akaendelea kufundisha mpaka miguu ikakataa, akafariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, mumewe akiwa pembeni. Darasa halijafungwa, Jumatatu linaendelea, na atakayefundisha ni Amne, aliyeingia pale hajui kuandika jina lake na ambaye wanafunzi wenzake wenyewe ndio waliomtaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na kuni kuupanda mlima huu, na walimu wenzake, hata mliomcheka, mradi mmekuja.

Kuhusu kumuaga, sisi ndugu tulikuwa tumepanga foleni, wazee mbele na wanafunzi mwisho, halafu nikasema ngoja kwanza tuwaulize wao wanatakaje. Wamesema kila mmoja ameandika neno lake, wanataka wamsomee kwa sauti, wakiwa naye peke yao, bila sisi kuwasikiliza nani amekwama wapi. Mchungaji amekubali, kwa hiyo simameni, na wewe Dunstan shemeji yangu, inuka.

Haya Loyce, mdogo wangu, lala salama, wasikilize kwa mara ya mwisho.

Mimi natangulia nje, wa mwisho kutoka asijisumbue na mlango, nitaufunga mwenyewe.