Mama Leseni, Aliyelinda Njia za Wote

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliofunga kazi zenu leo kuja kutusindikizia dada yetu: mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi baiskeli wa pale karibu na kituo cha mafuta. Familia imeniagiza nisome wasifu wake na nisitie chumvi. Nitajitahidi. Yeye mwenyewe angeupitia kwanza kwa kalamu nyekundu, na pengine angenirudisha nikauandike upya.

Dada yetu alizaliwa tarehe 22 Februari 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yetu alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama alishona sare za shule. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku moja alimtuma dukani akanunue uzi mweusi, akiwa na miaka sita. Duka lilikuwa karibu, lakini mtoto alirudi baada ya saa mbili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

“Ulikuwa wapi wewe?”

“Nilikuwa nazijaribu njia zote tatu, mama. Ile ya nyuma ya kiwanda ni fupi kwa hatua tisini.”

Mama hakujua amchape au ampongeze. Alichukua uzi wake akaendelea kushona, ila tangu siku hiyo na yeye akawa anapita nyuma ya kiwanda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Miaka miwili alikaa nyumbani akitulea sisi wadogo, maana mama alikuwa anaumwa, kisha mwaka 1978 akaingia chuo cha misitu. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, wasichana watatu tu. Barua alizotuandikia kutoka chuoni zilikuwa na michoro ya vilima na mito, na pembeni ameandika umbali. Salamu zilikuwa mstari mmoja.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa idara ya misitu kama karani wa masjala. Alifanya kazi katika chumba chenye makabati ya chuma na dirisha lisilofungika sawasawa, akifungua mafaili na kuyafunga, kwa miaka saba. Mwaka 1987 wageni walianza kumiminika kuja kutembea kwenye njia zetu za umma, zile zinazopanda kilimani, zinazokata msitu na kushuka mpaka kwenye maporomoko. Kila mwenye viatu imara akajiita kiongozi wa watalii. Watu wakapotea msituni, mwingine akavunjika mguu na aliyemwongoza akakimbia. Idara ikaamua kwamba yeyote anayeongoza wageni kwa malipo lazima awe na leseni. Wakatafuta mtu wa kuisimamia. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo isipokuwa dada. Wakampa dirisha namba nne, muhuri, na daftari jipya, na hapo ndipo jina la Mama Leseni lilipozaliwa.

Yeye hakutoa leseni kwa kusoma fomu. Alisema fomu haijawahi kutembea. Kila mwombaji alipaswa kumchukua yeye pamoja na kundi la watu, awaongoze njia nzima, na yeye anyamaze anaangalia.

Mwaka 1988 alikuja kijana mmoja mrefu, mpole wa maneno, ambaye wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kumharakisha mtu. Mara ya kwanza dada alimkatalia kwa kuwa hakuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Mara ya pili Taratibu alikuja na sanduku kubwa kama la fundi bomba. Walitembea vizuri, akaeleza miti, akaeleza ndege. Katikati ya njia dada alijificha nyuma ya kichaka, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akangoja. Zilipita dakika hamsini. Kisha akasikia mtu anarudi mbio huku anapiga kelele: “Mama Leseni! Mama Leseni jamani!”

Dada akamuuliza, bila kusimama: “Ulitoka na watu wangapi?”

“Tisa.”

“Ukafika na wangapi?”

“Nane.”

“Basi umenipoteza. Leseni hakuna.”

Mara ya tatu Taratibu alihesabu watu kwenye kila kona, kwa sauti, na kila mara alianza na yeye: “Mama Leseni, mmoja!” Dada alitwambia baadaye kwamba alikaribia kumnyima kwa kumchosha masikio, lakini haki ni haki, akampa leseni namba kumi na saba. Wiki iliyofuata alirudi dirishani amevaa shati lililopigwa pasi.

“Leseni si nilishakupa?”

“Ulinipa. Leo nina ombi jingine.”

“Hilo hapa hatupokei,” dada akamwambia, na wenzake waliokuwepo wanasema aligonga muhuri kwenye karatasi tupu. “Nyumbani kuna wazazi.”

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1990, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1994. Kabla ya harusi dada aliandika barua rasmi kukabidhi faili la mchumba wake kwa karani mwenzake, na hakuligusa tena maisha yake yote. Mwaka mmoja yule karani alimkatalia shemeji kuihuisha leseni yake kwa sababu dawa katika lile sanduku lake zilikuwa zimepitwa na wakati. Nilikuwepo mezani jioni hiyo. Shemeji alikuwa analalamika: mke wangu yuko ofisi hiyo hiyo, nami nanyimwa! Dada alimwongezea mboga. “Hapa mimi ni mkeo,” akasema. “Leseni ni dirisha namba nne, saa mbili asubuhi.”

Mwaka 1996 zikaja safari za baiskeli. Mwenye kampuni kubwa kuliko zote alikuwa bwana tuliyemwita Bosi Miwani, na leo tunaye hapa, amekaa mstari wa pili. Bosi Miwani alimpelekea dada baiskeli mpya, nyekundu, yenye kengele, kama zawadi tu, alisema, haina maana yoyote. Dada aliitoa nje ili airudishe hapo hapo. Tatizo ni kwamba alikuwa hajui kuendesha. Basi aliikokota kilomita tatu, amevaa viatu vya ofisini, akikatiza soko zima, na watu wanamuuliza, “Mama, imeharibika?” Naye anajibu, “Haijaharibika. Na mimi pia sijaharibika.”

Alipoiegesha mbele ya ofisi ya Bosi Miwani, bwana huyo alicheka. “Mama, utatupimaje kitu usichokijua?”

Maneno yale yalimwingia. Alikuja moja kwa moja karakana kwangu, ana miaka thelathini na minane, akasema, “Nifundishe.” Tulitumia uwanja wa mpira, asubuhi kabla ya kazi, wiki tano. Dada alianguka mara kumi na nne, na kila alipoanguka alitoa daftari mfukoni, akaandika sababu huku damu inamtoka. Nne zilikuwa za breki. Mbili za mnyororo. Moja ilikuwa kosa la mbuzi. Kanuni za leseni za baiskeli mnazozifuata mpaka leo, nyinyi viongozi wa watalii mliojaa hapa, zile za kukagua breki kabla ya kuondoka, kofia ngumu, kundi lisizidi watu kumi, zilitoka kwenye magoti ya dada yangu. Nimeyafunga bandeji mwenyewe.

Sasa nifike mwaka 2003, ambao familia imekubaliana nisiuruke. Bosi Miwani aliomba leseni ya kipekee ya njia ya kilimani, miaka kumi, pamoja na geti na mlinzi. Wakubwa waliipenda. Dada aliletewa karatasi siku ya Ijumaa na kuambiwa Jumatatu iwe imesainiwa. Alimwomba mkuu wa idara kitu kimoja tu: kesho yake, Jumamosi tarehe 17 Mei, wakakae pamoja darajani, pale njia inapoanzia.

Walikaa tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, na chupa ya chai. Walipita manesi wanaokwenda zamu. Wakapita wanafunzi, kina mama wenye watoto wa kliniki, wazee wawili wanaogombana kuhusu mpira. Akaja seremala mmoja amebeba mlango mzima kichwani. Mkuu wa idara akamsimamisha, akamweleza kwamba huenda pakawekwa geti.

Seremala akamtazama kutoka chini ya mlango wake. “Mzee, mlango ninao mimi, na hata mimi siufungi hapa. Sasa huu niupitishe angani?”

Walihesabu watu mia tatu na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtalii. Jumatatu dada hakusaini. Aliandika mstari mmoja chini ya ombi: Leseni ni ya kuongoza watu, si ya kumiliki njia. Mkuu wa idara naye akakataa kusaini, na ombi likafa.

Haikupita bure. Mwezi Julai ilikuja barua kutoka kwa wale wakubwa ya kumrudisha dada masjala, kwenye makabati yale yale, na dirisha namba nne akapewa mtu asiyeuliza maswali. Dada hakulalamika hadharani, ila shemeji anasema kwa miezi kadhaa alikuwa akila kama mgonjwa. Leseni zikatolewa kama karanga. Baiskeli zikawa zinashuka kilimani kwa makundi ya watu thelathini, wapita kwa miguu wanarukia vichakani. Mwezi Februari 2005 mzee mmoja aligongwa pale darajani, akavunjika mfupa wa bega.

Aliyeandika barua ya kuomba dada arudishwe ni Bosi Miwani. Amenipa ruhusa niseme. Aliandika kwamba tangu yule mama aondolewe yeye hajui kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, wateja wake wanaogopa, na anaona afadhali anyimwe na mtu anayejua kazi. Dada alirudi dirishani tarehe 4 Aprili 2005 na kikombe chake cha chai. Siku hiyo hiyo alitoa agizo: anayetembea kwa miguu anapishwa, na darajani kila mwenye baiskeli ashuke aikokote. Wa kwanza kuonekana anakokota baiskeli alikuwa Bosi Miwani mwenyewe. Tangu wakati huo hakuna aliyeumizwa tena pale.

Alistaafu tarehe 28 Februari 2018, lakini kukaa nyumbani hakuweza. Mwaka uliofuata aliamua kuwaongoza wastaafu wenzake matembezi ya kila Jumatano, na kwa kuwa walichangia malipo kidogo, akapanga foleni dirisha namba nne kuomba leseni kama mtu yeyote. Afisa aliyekuwa pale alikuwa binti aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Yule binti alitembea naye njia nzima, amenyamaza, kisha akamwambia, kwa machozi: “Shikamoo mama, nisamehe. Hukubeba filimbi. Nimekukatalia.”

Dada alikuja karakana kwangu karibu anaruka. Nilidhani ameshinda bahati nasibu. “Amenikatalia!” akasema. “Yule mtoto anajua kazi! Amenikatalia mimi!” Sijamwona na furaha kama ile hata siku ya harusi yake, shemeji uniwie radhi. Alipata leseni wiki ya pili, filimbi shingoni, na kwa miaka minne wastaafu wetu walitembea kila Jumatano wakicheka mpaka pumzi zinawaishia.

Machi 2023 alisimama ghafla kwenye mwinuko na kusema kifua kinambana. Madaktari walikuta moyo umepanuka. Alikunywa dawa zake kwa saa, akawa anatembea mpaka getini, kisha mpaka kwenye kibaraza. Tarehe 20 Septemba mwaka huu alilazwa. Tunawashukuru sana madaktari na manesi wa wodi namba sita, ambao walivumilia kukaguliwa na mgonjwa wao. Siku mbili kabla hajaondoka, mkwe wake alimnong’oneza kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Dada alimshika mkono, akatabasamu, akasema, “Basi mwambie aje polepole. Mimi nampisha nafasi.” Alifariki dunia Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, baada ya kuuliza kama sote tumeshakunywa chai. Tulikuwa tumekunywa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na huyu aliye njiani, wadogo zake wanne pamoja na mimi, mashemeji, mawifi, na viongozi wa watalii mia moja na sita wenye leseni halali. Mungu ampumzishe dada yetu kwa upole, na sisi aliotuacha tubaki tunapishana vizuri.