Mama Mghoi Anaondoka, Ijumaa Zake Zibaki Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa wetu, Mzee Sharif; Maalim wetu wa madrasa, ambaye nimemwona akichagua kiti cha karibu na sinia; mama zetu wa visiwa vya Fuma, Ngumi na Chovae mliohamia huku mjini; jirani zetu Wasomali; ndugu waashi kutoka Kenya na washonaji kutoka Uhabeshi; na wewe Mama Mghoi, mwenye shughuli: Assalaam alaykum, na kwa wasiosalimiana hivyo, hamjambo nyote.

Mimi ni Fuadi, fundi wa vyombo vya baharini. Najua mnanijua, lakini jina zuri halichoshi masikio. Shule nilisoma miaka minne, wa tano mwalimu akaniomba niende zangu. Tangu hapo nimeunda mashua thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyorudi kunilalamikia. Nimefika Mombasa, nimefika Aden, nimeona watu wa kila namna. Kwa hiyo mimi nikimsifu mtu, jueni sifa hiyo imepimwa.

Mama Mghoi ni Mtaita. Alikuja miaka sita iliyopita kuwapikia waashi wanaojenga maghala, na kila Ijumaa, siku yao ya mapumziko, Wakristo wenzake walikutana chumbani kwake kusali. Wakimaliza, hutoka wawili wawili kuwatazama wagonjwa wa mtaa, wawe wa dini yoyote. Sasa anarudi kwao Wundanyi kumuuguza mama yake, na chumba kile kinarudishwa kwa mwenyewe. Wenziwe tisa wanaobaki hawana pa kukutana. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa, si pilau peke yake.

Niliwajuaje? Kwa kosa langu. Ijumaa moja nimejilaza baada ya sala, nikasikia mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja. Enyi watu wa visiwani, niambieni: kwetu sauti ya namna hiyo ni ya nini? Si ya kushua chombo? Watu wameshika kamba, wanavuta kwa wimbo mmoja, chombo kinateremka majini. Na fundi wa mtaa, yaani mimi, sikualikwa. Kwetu hiyo ni sawa na kuniozea binti bila kuniambia. Nikatoka kikoi upande, nikakusanya watu kumi na saba, nikawaambia kuna hasidi anashua chombo kwa siri nyuma ya nyumba za waashi. Mke wangu Zaituni akaniuliza, "Baba Wardah, huko nyuma ya nyumba za waashi kuna maji gani?" Nikazidisha mwendo. Mtu mwenye hasira hana nafasi ya jiografia.

Tukaingia kwa kishindo. Hapakuwa na chombo wala kamba. Palikuwa na watu wanaimba, sufuria la maharagwe, na katikati yao beseni la maji ya moto, na ndani ya beseni miguu ya Mahmudi.

Mahmudi, kwa wasiomjua, ndiye mtia kalafati wangu. Miaka ishirini ameziba kwa pamba kila nafasi niliyoiacha baina ya ubao na ubao, nami nikapokea sifa. Alianguka kutoka jukwaani, kazini kwangu, akaumia nyonga. Wiki tatu zilikuwa zimepita na mimi sijampelekea hata salamu. Kila siku nilikuwa na udhuru mzuri. Na pale mwashi mmoja asiyejua hata jina la baba wa Mahmudi alikuwa anamkata kucha za miguu, huku Mama Mghoi akimimina maji.

Mahmudi akanitazama, akasema kwa lafudhi yetu ya visiwani, "Karibu, Fuadi. Hawa wachu hawakujui, kwa hiyo watakuheshimu."

Na Mama Mghoi, bila kuinua kichwa: "Baba, kama umekuja na jeshi lote hilo, wawili washike ndoo."

Tukashika ndoo.

Siku nyingine nikamuuliza wazi, maana mimi sipendi kuzunguka: "Mama, unataka Mahmudi awe Mkristo?" Akasema, "Nataka atembee. Mimi namfuata Yesu, naye hakuniambia nichague wagonjwa. Mahmudi akiniuliza habari zake nitamweleza. Asiponiuliza, maji yatachemka vile vile." Mahmudi yuleyule huwa msikitini safu ya mbele, husali kwenye kiti, na mwaka huu amenitilia kalafati mashua mbili akiwa ameketi.

Sasa kuna walioninong'oneza: Fuadi, ukiwapa watu hawa nafasi, mtaa utasema nini? Mtaa ni nani? Si ninyi mlioketi hapa? Mwanahija, nani alikuchotea maji ulipojifungua pacha? Nawe Maalim, ulipolala na homa, nani alikuletea ule uji ukasema hauna sukari, na ukaumaliza? Watu waliotuuguza hivi, tuwaache waimbe kwa kunong'ona kama wamekuja kuiba kuku?

Banda langu la mbao halina kazi siku ya Ijumaa. Nalitoa. Lakini sitaki jambo la kichochoroni. Mzee Sharif, mtaa huu unakusikiliza wewe, nami nakuuliza mbele ya wote: wakutane pale, au wasikutane?

Nangoja, Mzee wangu.

Walio nyuma hawakumsikia Mzee Sharif, basi nawarudishia maneno yake. Amesema, "Wakutane. Na wewe Fuadi ondoa misumari sakafuni, wenzako hao husali kwa magoti."

Mama Mghoi, nenda kamtazame mama yako, na mpe salamu za watu usiomaliza kuwahesabu. Mgonjwa wa wiki hii ni bibi yake Twahira, jirani yetu. Maji yake tutapeleka mimi na Mahmudi, yeye akisimamia na mimi nikibeba, kama kawaida yake.

Wakubwa kwa wadogo, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu. Mwenye ufagio anipe, kwa sababu Ijumaa ni kesho na misumari ni mingi.