Neno Lililokosekana Kwenye Jiwe la Leonce

Baba Askofu, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mapadre na masista, wazee wetu mliotoka Olbalbal tangu alfajiri, ndugu waumini wa Karatu, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Selestina, mdogo wake Leonce Tluway, ambaye jiwe lake mmelifunua sasa hivi. Nimelisoma. Limeandikwa "Mpigania Uhuru wa Msumbiji". Limependeza, nashukuru. Ila neno "Padre" halipo, na kamati imenieleza kwa upole kwamba siku aliposhika bunduki aliliacha mwenyewe. Aliliacha lini, jamani? Nani alimwona?

Kaka yangu alitumwa kusini kuwahudumia wakimbizi waliovuka Ruvuma. Akazika watoto wao, akazika na mama zao, mpaka akaamua kuvuka mto kwenda kupigana. Kabla hajaenda alikuja nyumbani kuaga, amevaa magwanda. Mama yetu Hyasinta akapiga magoti apewe baraka, kama kawaida yake.

"Inuka, mama. Mkono huu sasa ni wa bunduki."

"Na wangu ni wa mavi ya ng'ombe, nimetoka kusiriba ukuta. Mbona umeushika?"

Hakumbariki. Alikula makande, akashika njia ya Olbalbal, alikozoea kutembea na wafugaji na kusoma misa mifugo ikinywa maji. Bibi Naisenya, yule pale mbele, alikuwa mtoto siku ile. Mnajua watoto wa Kimaasai wanavyomwamkia mkubwa: wanainamisha kichwa mpaka kiguswe. Basi wakamkimbilia, wakainamisha. Yeye mikono kaificha nyuma. Nani angewaeleza watoto habari za bunduki? Hawakuondoka. Bibi Naisenya huniambia, "Shingo iliniuma, lakini ningeondokaje sijaguswa?"

Akautoa mkono. Akawagusa mmoja mmoja, na juu ya kila kichwa akasema maneno yale yale ya baraka aliyomnyima mama, huku machozi yanamtoka. Baba Askofu, mtu aliyeacha upadre hufanya hivyo?

Mimi nilikuwa shuleni Mbulu. Nilipokuja likizo mama aliniambia, "Amepita." Basi, neno moja tu siku ile; mengine alinisimulia uzeeni mwake. Hakurudi tena, kaburi lake hatulijui, na kichwa changu hakikuguswa. Sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu, lakini nikiona mtu mrefu anashuka kwenye basi la Arusha, moyo bado unashtuka. Nimemkumbuka kaka yangu. Nimemkumbuka hadi naona haya kuwaambia.

Mheshimiwa, askari mchukueni, ni haki yenu, na mmemheshimu vizuri. Sisi mturudishie padre wetu. Fundi wa mawe yupo, na nafasi juu ya jina ipo, nimeipima kwa kiganja wakati kwaya inaimba. Kama kikao kinahitaji muda, nitangoja, kungoja nimezoea. Ila kila nikipita hapa nitamwamkia kwa cheo chake, na wanaotaka kucheka wacheke.

Nawashukuru nyote mlionivumilia bila kunikatiza.

Shikamoo, Padre.